Mkufu wa Afra na Ukurasa wa Kumi na Nne

Augsburg, Sikukuu ya Mtakatifu Martino, 11 Novemba 1671

Kwako Shangazi Walburga, mkunga wa Kaltenried,

Shikamoo Shangazi. Natumaini barua hii itakufikia kabla theluji haijafunga njia. Wastl, mwenye gari la chumvi, ameapa kwamba anaondoka leo, na Wastl akiapa hivyo ujue ataondoka kesho kutwa. Sisi hatujambo. Mke wangu Kreszenz anakusalimu sana, na anasema lile pipa la kabichi chachu limekwisha, kwa hiyo naomba lingine bila aibu yoyote. Leo nyumba nzima inanukia bata bukini, na nimeshaonja ngozi yake mara mbili bila kuonekana.

Habari kubwa ni kwamba kitabu changu kimetoka! Kurasa thelathini na mbili, kwa Kilatini, na juu yake jina langu: Korbinian Aichinger, Daktari wa Tiba. Kinahusu degedege la watoto wachanga, chanzo chake na matibabu yake. Nimekupelekea nakala moja. Najua hujui Kilatini, lakini kiweke mahali ambapo wageni watakiona. Marehemu Baba angekuwa hai angekipeleka mpaka zizini akawaonyeshe ng'ombe.

Haya, kabla sijasahau. Ijumaa iliyopita binti yetu Afra, ambaye sasa ana miezi sita, alipatwa na jambo dogo. Alikakamaa, macho yakageuka juu, mikono na miguu ikapigapiga, kisha akalala. Kreszenz alipiga yowe mpaka jirani akaja na ndoo ya maji akidhani tunaungua. Mimi nilitulia, kama inavyompasa mtu aliyeandika kitabu. Si kitu. Ila ningependa kujua, kielimu tu, ninyi wakunga wa milimani huwa mnafanya nini. Na tafadhali niombee mizizi ya peoni kwenye bustani ya watawa, yale maua yao makubwa mekundu. Ichimbwe mwezi ukiwa unapungua, maana ikichimbwa mwezi ukikua haina nguvu. Huo si ushirikina Shangazi, umo ukurasa wa tisa.

Mwanao,
Dkt. Korbinian

~

Kaltenried, 2 Desemba 1671

Korbinian mwanangu,

Mungu akusalimu. Ninayesema ni mimi, anayeandika ni Alois mpiga kengele, kwa sababu nikiandika mwenyewe, mstari mmoja unanichukua tangu kukamua kwa asubuhi mpaka kukamua kwa jioni. Tuko wazima. Ng'ombe wangu Blassl amezaa ndama aliyetanguliza miguu ya nyuma, nimemvuta kwa mikono yangu hii. Wiki hiyohiyo nimezalisha wanawake wawili. Kati ya wote watatu, Blassl ndiye aliyekuwa na adabu.

Kitabu kimefika. Kiko juu ya rafu karibu na Bikira Maria, na wageni wote wamekiona, hata wale waliokuja kuomba chumvi tu. Alois anajua Kilatini cha kanisani, basi nikamwambia anisomee. Alisoma vizuri mpaka ukurasa wa kumi na nne, akakohoa, akasema mwanga hautoshi. Ilikuwa saa sita mchana! Umeandika nini ukurasa wa kumi na nne?

Sasa tuje kwa Afra. Unaniandikia "jambo dogo" na "kielimu". Korbinian, mama yako alikuacha una siku tatu, nikakulea mimi, kwa hiyo usinichezee. Ukiogopa huwa unatumia maneno marefu. Nijibu haya matatu, tena unijibu kweli: lilichukua Salamu Maria ngapi? Mwili ulikuwa wa moto? Na kitanda chake kimewekwa wapi?

Nimempa Wastl mizizi yako na pipa la kabichi. Pia nimempa mkufu wa degedege. Ni uzi mwekundu wa hariri wenye vitu saba: jino la mbwa mwitu, kipande cha kwato la yule paa mkubwa wa kaskazini aitwaye elki, tawi la marijani, mbegu za peoni zilizofungwa pamoja, mguu wa fuko, kijiwe cheupe na msalaba wa mfupa. Mtoto huvishwa, ulegee vidole vitatu, basi. Mkufu huu haununuliwi, haupimwi, wala haiulizwi ulikuwa wa nani. Vitu viwe saba, au vitano, au vitatu. Visiwe kamwe vya kugawanyika viwili viwili, maana degedege likiona jozi linarudi na mwenzake.

Shangazi yako,
Walburga

~

Augsburg, Sikukuu ya Watoto Mashahidi, 28 Desemba 1671

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na heri ya Noeli. Kabichi imefika, tumeshukuru. Wastl aliiingiza ndani mwenyewe, akakaa kidogo tu, akatoka akitiririka jasho, anasema nyumba yetu unaweza kuokea mkate bila tanuri. Watu wa milimani hawajazoea nyumba nzuri.

Kuhusu mkufu, nimecheka mpaka miwani ikaanguka. Shangazi, katika karne hii! Degedege ni mvuke mbaya unaopanda kutoka tumboni kwenda ubongoni, na mvuke hauogopi uzi mwekundu. Tiba ya kweli, tiba ya kisomi, ni hii: kwato la elki, marijani nyekundu na mbegu za peoni, vyote visagwe viwe unga laini, mtoto anyweshwe kwa maji ya cheri nyeusi. Kwa bahati mbaya muuza dawa wetu hakuwa na kwato wala marijani. Kwa bahati nzuri nikakumbuka kwamba vimo kwenye mkufu wako.

Nimevisaga. Jino la mbwa mwitu lilinivunjia mchi, nikaliacha. Halafu lina alama za meno ya mtoto sijui wa nani, uchafu ulioje.

Afra alitapika unga wote mwekundu juu ya joho langu jipya. Ni dalili njema, mvuke unatoka. Mpaka leo amepatwa mara nne. Mimi sipimi kwa Salamu Maria, nina saa ya mchanga. Ile mara ya nne niliishika saa mkononi mpaka degedege likaisha, ndipo nikaona sikuwa nimeigeuza.

Ukurasa wa kumi na nne hauna neno. Unasema tu kwamba mtoto anayepatwa na degedege mara kwa mara kabla ya kutimiza mwaka, hata akipona, akili yake hubaki butu, wala hawezi kujifunza kusoma. Jambo hili linajulikana, mabingwa wote wameliandika. Nyumba yangu haihusiki, kwa sababu Afra atapona kabla ya hapo. Ukipata nafasi utuombee. Kielimu.

Mwanao,
Korbinian

~

Kaltenried, 20 Januari 1672

Korbinian,

Mungu akusalimu, tuko wazima, ndama anakua. Salamu zimekwisha.

Umemlisha mtoto mkufu!

Nimelisema hilo mbele ya Alois, mbele ya mke wa mwokaji mikate, na mbele ya Blassl, na wote watatu walinitazama kwa mshangao uleule. Yaani mimi nikimning'inizia mtoto kipande cha kwato kifuani, mimi mshamba. Wewe ukichukua kwato hilohilo ukalisaga ukamtia tumboni, wewe msomi. Tofauti yetu mimi na wewe ni mchi tu, na wenyewe umeuvunja.

Ngoja nikupe siri ya wakunga. Mkufu ni wa mama. Mama akiwa na kitu cha kushika, hamtikisi mtoto, hampigi makofi, hamtii kijiko mdomoni. Anashika jino la mbwa mwitu, anasali, anangoja. Nafasi hiyo ndiyo mkunga anafanyia kazi. Sisemi mkufu wenyewe hauna nguvu, mimi si mtu wa kumtukana mbwa mwitu. Lakini kazi ni hii, kamata karatasi: Mlaze ubavu. Mfungue vitambaa vyote. Usimtie kitu mdomoni, si unga, si maji, si Kilatini. Sali Salamu Maria na uzihesabu, maana usipohesabu kila mara utaona kama ni saa nzima. Likiisha mfute uso, mpe mama yake anyonyeshe. Basi!

Nilikuuliza kitanda kiko wapi, hukunijibu. Wastl amenijibu. Kimegusana na jiko la vigae, na mtoto amefungwa vitambaa hadi anafanana na soseji. Korbinian, mtoto anaota meno, mwili una moto wake wenyewe, na wewe unamwongezea kuni! Msogeze leo. Usisubiri mwezi upungue.

Na huo ukurasa wa kumi na nne ni uongo mtupu. Namjua mtoto mmoja aliyepatwa mara nyingi kuliko Afra, na mtoto huyo... Basi. Niliapa nisiseme, na anayeapa mbele ya Walburga Aichinger huona haya kuvunja, sembuse Walburga mwenyewe. Tena hapa Alois ameacha kuandika, ametega sikio.

(Sikutega. Alois.)

Ametega.

Shangazi yako

~

Augsburg, 12 Machi 1672

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuomba radhi kwa ukimya. Wastl alikwama kwenye theluji, barua yako ya Januari ikatufikia siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu. Kreszenz ni mzima, amekonda kidogo. Mimi pia, ila mimi nilikuwa na akiba.

Sikukuu ya Mishumaa, mwezi wa pili tarehe mbili, baada ya misa, Afra alipatwa na lile kubwa. Midomo ilikuwa ya bluu. Kreszenz alihesabu Salamu Maria ishirini na mbili. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya chumba nikifunua kitabu changu mwenyewe kutafuta ukurasa wa matibabu, na sikuuona. Mimi niliyekiandika! Shangazi, niliogopa. Naona haya kuliandika neno hilo, lakini ndilo. Sikuwa daktari pale, nilikuwa mtu mwenye kitabu.

Kesho yake daktari mwenzangu mmoja, mtu anayeheshimika, akanishauri unga wa fuvu la kichwa cha mtu, tena mtu aliyenyongwa. Akaniletea kipande. Nilikuwa nimeshaanza kukitwanga, Kreszenz akaingia, akauliza ni nini, nikamwambia. Alikichukua kinu cha kutwangia, kizito vile, akakitupa dirishani. Kilitua ndani ya pipa la kabichi la jirani. Jirani bado hajajua ndani mlikuwa na nini, nasi tumekubaliana asijue, maana ile kabichi wameila na kuisifu.

Barua yako ilipofika, Kreszenz aliisoma kwa sauti, nami nimeketi palepale. Alipofika kwenye soseji akanitazama. Kisha akainuka, akakihamisha kitanda mpaka upande wa dirisha, akamfungua Afra vitambaa, mtoto akarusha miguu kama hajawahi kujua anayo. Tangu hapo degedege limekuja mara mbili. La kwanza Salamu Maria nane, la pili tano. Mlaze ubavu, usimtie kitu, hesabu. Nafanya hivyo. Kreszenz anashika jino la mbwa mwitu.

Jambo moja la aibu. Baada ya kusaga vile vitatu, kwenye mkufu vilibaki vinne. Nikakumbuka uliyosema kuhusu jozi. Mimi, Daktari wa Tiba, nilikichomoa kile kijiwe cheupe ili vibaki vitatu. Alois, kama unamsomea, ufunge mdomo wako.

Sasa nakuuliza. Ukurasa wa kumi na nne sikuutunga, niliunakili kwa wakubwa zangu, na kila Afra anapotulia mimi nakaa namtazama nauona ukurasa ule. Amepatwa mara saba na mwaka bado. Akigeukia sauti yangu, najiuliza kama ameelewa au ni sauti tu. Huyo mtoto uliyeapa usimtaje, aliishi? Alijifunza kusoma? Safari hii siulizi kielimu.

Korbinian wako

~

Kaltenried, Alhamisi, 28 Aprili 1672

Korbinian.

Mungu akusalimu. Naandika mwenyewe. Alois nimemtuma akapige kengele. Si saa ya kengele, lakini ameenda.

Nilianza barua hii Jumatatu.

Mtoto huyo ni wewe.

Baba yako aliniapisha. Watawa hawakupokea shuleni mtoto mwenye degedege, na yeye alitaka usome. Sasa amekufa, na wewe una mtoto. Nimemwomba ruhusa kaburini. Hakukataa.

La kwanza ulikuwa na miezi mitano. La mwisho ulikuwa na miaka mitatu, wakati wa kukata nyasi. Niliacha kuhesabu mara ulizopatwa baada ya arobaini. Refu kuliko yote lilikuwa Salamu Maria thelathini. Nilikulaza ubavu. Baba yako alitoka nje akapasua kuni. Mwaka ule tulikuwa na kuni za miaka miwili.

Mkufu ni wako. Alama za meno kwenye jino la mbwa mwitu ni zako. Ule uchafu ni wewe.

Ulipokuwa na miaka sita ulitoka kwa paroko, ukaketi kwenye meko. Ukachora kwenye majivu. Ukasema Shangazi, hii ni A. Mimi nilikuwa na miaka arobaini. Ukanifundisha zote. Nikikosea ulinichapa kidole kwa kijiko. Paroko alikufundisha asubuhi, wewe ukanifundisha jioni, baridi nzima.

Barua hii nimeiandika kwa herufi hizo. Ukurasa wako unasema yule mtoto hawezi kusoma.

Afra atakuwaje, sijui, mwanangu. Wengine hufa. Nimewazika, na majina yao nayajua. Wewe hukufa.

Alois anarudi. Kijiji kizima kiko nje kinauliza kuna moto wapi.

Walburga

~

Augsburg, 9 Juni 1672

Shangazi yangu, na mwanafunzi wangu wa kwanza,

Shikamoo. Wastl ameleta barua yako pamoja na siagi. Siagi ameionja njiani, barua hakuifungua, namshukuru kwa hilo la pili.

Niliisoma nimesimama mlangoni. Kisha nikaisoma nimekaa. Kreszenz alinikuta nalia, akadhani ni msiba, akainyakua akaisoma, naye akalia, halafu akafika kwenye uchafu akaanza kucheka, na hajaacha mpaka leo. Nikimkosoa lolote ananiambia, "Sawa, Uchafu." Z yako imetazama nyuma, Shangazi. Herufi nyingine zote ni sawa. Sikuchapi.

Nimelitafuta jino la mbwa mwitu nikaliweka mdomoni, nikajaribu kama alama zinaingiliana. Haziingiliani, mdomo umekua. Lakini nilikaa nalo hivyo muda mrefu, na mgonjwa aliyekuja na kikohozi alinikuta, akageuka akaondoka.

Nimekwenda kwa mpiga chapa. Anasema nakala zilizouzwa haziwezi kurudishwa, ila zile zilizobaki kwake atazitia karatasi mpya. Ukurasa mpya wa kumi na nne ni mfupi. Unaeleza kulaza ubavu, kufungua vitambaa, kumtenga na jiko, kutotia kitu mdomoni. Na kuhusu akili ya mtoto baadaye nimeandika kwamba sijui. Kwa Kilatini ni neno moja tu, nalijua tangu shuleni, lakini sikuwahi kulitumia. Madaktari wenzangu wamecheka. Yule wa fuvu hanisalimii tena. Nimeandika pia kwamba haya nimefundishwa na mkunga wa milimani, na jina lako limo, kwa herufi kubwa.

Afra ametimiza mwaka na mwezi mmoja. Ana meno sita. Tangu barua yako degedege limekuja mara moja, Jumanne moja asubuhi. Salamu Maria mbili, Shangazi. Nilizihesabu mwenyewe, kisha Kreszenz akamnyonyesha. Linaweza kurudi, najua. Kitanda kiko dirishani. Akisikia kengele za kanisa anainua kidole, na mimi naamini, nisamehe kwa kuamini, kwamba anazingojea.

Jana nilichukua nakala yangu mwenyewe niupasue ule ukurasa wa zamani. Nilikuwa nimemketisha Afra pajani. Karatasi ilipotoka tu, aliipokonya, akaigeuza huku na huku kama anayeikagua, akaitia mdomoni, akaanza kuitafuna na Kilatini chake chote. Kreszenz akakimbilia kuichukua. Nikamwambia amwache kidogo, amalize pembe ile.

Safari hii sikuisaga.

Mwanao,
Korbinian